Gitaa Lisilo na Tumbo

Fundi huyu walimpa jina la Msasa, na hakulikataa. Maseremala wengine wakimaliza meza huomba chao na kwenda zao. Yeye aliizunguka tena, kipande cha msasa mkononi, akipapasa kwa kiganja mahali ambapo bado panakwaruza. Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea nguo katika chumba cha mbele, alikuwa akisema kwamba mumewe akifika mbinguni hataingia mpaka kwanza aulainishe mlango.

Basi binti yao wa mwisho alipiga gitaa katika bendi, gitaa la kuazima. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na wahenga hawakuona haya kulisema. Mwenye gitaa alilitaka, akalichukua, binti akabaki anaimba tu pembeni kama mgeni. Akaja karakana, akakaa juu ya rundo la mbao.

"Baba, gitaa la umeme unaweza kulitengeneza?"

"Mti ni mti," Msasa akajibu, kabla akili haijaufikia mdomo.

Binti alipoondoka na furaha yake, baba mtu alibaki ameshika ukingo wa meza. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka. Mtetemo ulianza kwa kidole gumba, akadhani ni uchovu, kisha ukapanda mpaka kwenye kifundo. Hakumwambia mtu. Chai akawa anaomba nusu kikombe, kwa madai kwamba nyingi inamnyima usingizi. Wateja wa milango aliwarudisha nyumbani kwa kisingizio cha mbao mbichi. Mficha maradhi kifo humwumbua, hilo alilijua, lakini si kifo alichokuwa anakiogopa. Alikuwa anaogopa kuwa mtu aliyekuwa fundi.

Akaanza kazi. Kiwiliwili alikikata kwenye ubao mnene uliobaki alipotengeneza kabati la mteja, akaegemeza msumeno kwa uzito wa kifua ili mkono usipate nafasi ya kucheza. Mkewe alipoleta chai alilitazama.

"Hili gitaa gani halina tumbo wala tundu? Sauti itatokea mlango gani?"

"La umeme halihitaji tumbo. Nyuzi zikitikisika, hizi sumaku zinasikia, zinapeleka kwenye spika. Ubao wenyewe kazi yake ni kutulia tu."

"Kutulia tu," mkewe akarudia, na akamtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Shingo ndiyo iliyomtoa jasho. Mifereji ya kupachika vile vijiti vya chuma, ambapo vidole hubana nyuzi, ikikosewa kwa unywele gitaa zima linaimba uongo. Alikaza kigogo kando ya kila mstari, msumeno ukapita umekiegemea, na mfereji mmoja ulimla asubuhi nzima. Ulipokwisha wa mwisho alikaa chini, akalia kidogo, akajipangusa kwa mkono uliojaa vumbi la mbao, jambo ambalo halimsaidii mtu macho.

Tangu hapo akawa anapiga msasa. Hapo mkono ulimtii, kwa sababu kusugua hakuulizi mkono kama umetulia. Alisugua mgongo wa shingo mpaka ukawa laini kama sabuni iliyotumika, akapaka vanishi, akaikwangua, akasugua tena. Binti akija kuuliza, jibu lilikuwa moja: bado inakwaruza. Haikuwa inakwaruza. Alijua kwamba akiweka msasa chini itambidi ashike kitu kingine, na kitu hicho kitamwumbua.

Siku ya kufunga nyuzi ilifika kwa sababu binti alichoka kungoja, akazifunga mwenyewe. Akachomeka waya kwenye spika, akakaza uzi wa kwanza, ukaitika sawasawa. Alipokaza wa tatu, wa kwanza ukalegea. Akaurudia, ukalegea mwingine. Nyuzi zikawa zinapanda juu ya shingo, mbali na vidole, kama kamba ya kuanikia.

Msasa alilichukua gitaa, akalitazama kwa ubavu, jicho moja amelifumba. Shingo ilikuwa imepinda kama upinde. Ameisugua mpaka imekuwa nyembamba, nyuzi zimeishinda nguvu. Hakuna mtu aliyemharibia. Ni yeye na sifa yake.

"Si utachonga nyingine tu, baba?" binti akasema. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Methali hiyo alimfundisha yeye mwenyewe. Siku hiyo aliichukia. Aliyeitunga, koleo lake halikuwa mkono wake.

"Siwezi," akasema, akaunyoosha mkono mbele yao wote wawili, maana mkewe alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Ukatetemeka huku wakitazama. "Umekwisha huu."

Binti akafunika mdomo. Mkewe hakushtuka.

"Najua," akasema. "Tangu chai ya nusu kikombe. Nilikuwa nangoja uniambie, baba watoto. Umenichosha kungoja."

Akaenda kwenye rundo, akachagua ubao mnyoofu, akaulaza mezani. Akachukua msumeno mwembamba. Mkono wake ulikuwa umepitisha maisha yake yote ukifuata mistari ya chaki kwenye kitambaa.

"Nionyeshe pa kukata."

Msasa akamwonyesha. Akaushika ubao kwa mikono yote miwili ili usiteleze, akaukandamiza kwa nguvu zake zote, kama alivyowashikia mafundi wenzake tangu ujana. Mkewe akaanza. Jino la msumeno likaruka nje ya mstari. Akaanza tena, likaruka tena. Akasimama, akatazama, na wote wakaona kinachotikisika ni ubao.

"Uachie," mkewe akasema polepole. "Jiliwa itaushika."

Binti akaukaza ubao kwenye jiliwa, kile kibano cha chuma kilichofungwa mezani. Msasa akarudi nyuma hatua moja, hajui mikono aiweke wapi, akaishia kuifumbata kifuani. Msumeno ukashika mstari.

"Nimekwenda sawa?" mkewe akauliza bila kuinua kichwa.

Msasa akainama, akatazama jino likifuata mstari.

"Usiusukume," akasema. "Uvute. Uache wenyewe ule."