Siku Niliyoikalia Hoteli ya Ufukweni

Cheka tu, cheka, maana hata nisipokusimulia mimi utasimuliwa na mwalo mzima, na wale wanaongeza chumvi, kwa hiyo afadhali uisikie aibu hii kwangu mwenyewe niliyeivaa (na niliivaa kweli, utaona).

Mimi nakaanga samaki pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, miaka nenda rudi, karai langu na ziwa tunatazamana. Sasa tukasikia kipande cha ziwa mbele yetu kitafukiwa kwa mawe na kifusi ili bandari ipanuliwe, na ufukweni pajengwe hoteli, bustani, sehemu ya watu kupumzika, sijui na nini, na wananchi tunaitwa ukumbini tuonyeshwe mpango kabla haujapitishwa. Wakaangaji wenzangu wakanituma niulize swali moja tu: sisi na makarai yetu tutakuwa wapi? Walisema wamenichagua kwa sababu mimi sina aibu. Haya.

Kwa kiherehere changu nikawahi. Ukumbini hamna mtu, ila katikati kuna meza kubwa, na juu ya meza, jamani, Mwanza! Mwanza yetu yote imefanywa ndogo, na milima, na mawe yake, na meli ya kutosha kiganjani, na hoteli ndefu ya lile povu jeupe linalokuja na televisheni mpya. Nikaanza kuizunguka nikitafuta kwetu. Hivi hawa watu wanakatakata vipi vitu vidogo hivi? Na sisi tuko wapi hapa? Gati nikaliona, barabara nikaiona, na ziwa likawa linang'aa bluu, bichi kabisa, mpaka nikajiuliza, hivi wameweka maji ya kweli?

Ngoja nikwambie ugonjwa wetu watu wa samaki. Sato hanunuliwi kwa macho. Unambonyeza kwa kidole gumba, nyama ikirudi huyo ni wa leo, ikibaki shimo mwachie mwenyewe. Ukishazoea hivyo unabonyeza kila kitu, parachichi, godoro dukani, hata shavu la mtoto wa watu. Basi na mimi nikalibonyeza ziwa.

Halikurudi. Kumbe rangi na gundi bado havijakauka, na shimo la gumba langu likabaki pale pale katikati ya maji, na gumba lenyewe bluu tupu. Mara nasikia viatu vinakuja, ni mhandisi wa mradi, kijana mpole mwenye miwani. Ningesema tu, "Samahani mwanangu, nimegusa," yangeishia hapo. Lakini mwenzenu nikageuka, nikaipa meza mgongo, nikaiegemea kabisa ili nilifiche lile shimo.

"Shikamoo mama, umewahi!"

"Marahaba mwanangu. Naangalia maendeleo."

Nikaficha mkono kwenye kitenge, nikaondoka kinyumenyume huku namchekea, mpaka kwenye kiti cha plastiki, nikakaa. Kikalia kwaruuu! Nikasema moyoni, viti vya siku hizi navyo havina maisha.

Ukumbi ukajaa. Mama Kulwa, ambaye karai lake ni jirani na langu, akaja kukaa pembeni yangu. Mhandisi akaanza kueleza akionyesha kwa fimbo: hapa patafukiwa, hapa meli zitafunga, na hapa ufukweni itasimama hoteli... Fimbo ikabaki hewani.

"Hoteli iko wapi?"

Mwenyekiti wetu wa mtaa, mzee asiyependa mchezo, akasimama. "Hatoki mtu humu mpaka hoteli ionekane!"

Watu wakaanza kutafuta chini ya viti na nyuma ya mapazia. Na mimi (hapa ndipo nikikumbuka naomba ardhi ipasuke), kwa kuwa nina kosa la ziwa, nikaona nijisafishe kwa bidii. Nikaenda mbele kabisa, nikainama chini ya meza kuliko wote, nikapaza na sauti: "Jamani, nani mwenye roho mbaya hivi, wa kuiba hoteli?"

Kicheko kikaanzia viti vya nyuma, kikaja mbele, kikanikuta bado nimeinama.

"Mama," mhandisi akasema kwa heshima zote, "unayo wewe."

Nikapapasa nyuma. Ghorofa zote zilikuwepo, zimelala kama chapati, zimegandia kitenge changu. Na nilipoinua mkono kujiziba uso, gumba la bluu hilo hapo, ndipo wakaliona na shimo la ziwa. Wee! Mtu mmoja alicheka hadi akaanguka na kiti.

Nikashika njia ya mlangoni, machozi yananilenga. Kicheko chenyewe kilikuwa si kitu. Kilichoniuma ni kwamba nimetumwa swali moja na nimeliharibu, maana nani atamsikiliza mwanamke aliyevaa hoteli?

"Mwenyekiti!" Mama Kulwa huyo, amesimama bila hata kuomba ruhusa. "Mnamcheka mwenzangu kwa kuwa ameikalia hoteli. Sawa. Na hoteli imekalia nini?"

"Sijakuelewa, mama," mhandisi akasema.

"Hapo ilipobanduka. Hapo ndipo lilipo karai lake, na langu, na la wenzetu wote. Hilo ndilo swali tulilomtuma."

Kicheko kikakatika. Mhandisi akapatazama pale penye gundi tupu, akatazama kitenge changu, akavua miwani. Akasema kwenye ramani aliyopewa pale pameonyeshwa pako wazi, na kwamba atakuja kujionea. Alikuja kweli, akala sato wangu, akauliza maswali mengi kuliko mimi.

Juzi wameleta mfano mpya. Umefunikwa kioo (na kila anayekiona hicho kioo ananigeukia mimi). Nilikwenda kuuangalia, mikono nimeifunga mgongoni. Hoteli imesogezwa, na karibu na gati wameweka vibanda vidogo vidogo, vina hadi moshi wa pamba. Wenzangu walipiga vigelegele. Mimi nimeshaapa, kitu cha mtu kikiwa mezani sikigusi tena, hata kiwe nini. Lakini nilisimama pale mbele ya kioo, gumba linaniwasha, maana vibanda vile vinang'aa sana, na mwaloni sato anayeng'aa sana ndiye tunayeanza kumbonyeza, asije akawa wa jana.