Heshima Iliyomwangusha Fundi wa Nyaya

Saa kumi na mbili asubuhi, chini ya nguzo mpya ya reli karibu na mpaka wa Bulgaria, Tihomir Vidanović ameshika ngazi kwa mikono miwili. Hapandi. Anaipapasa tu, kana kwamba ngazi ndiyo inayoumwa.

"Hiyo haipandi yenyewe, bwana," anamtania Asparuh, fundi mwenzake kutoka upande wa Bulgaria.

"Nyamaza. Naipima."

Fundi huyu wa nyaya, mzaliwa wa Pirot, upande wa Serbia, hajapanda tangu alipoanguka wakati theluji ikiyeyuka. Leo akishindwa, kazi ya juu basi tena.

Kwa miaka mingi treni za hapa zimevutwa na injini za dizeli. Sasa reli inanyooshwa na kuwekewa umeme, na mafundi wa nchi mbili wanafanya kazi pamoja. Upepo wa bonde hili, wenyeji wanaapa, uliwahi kung'oa masharubu ya stesheni masta na kuyavusha mpaka bila pasipoti. Lakini Tihomir hakuangushwa na upepo. Aliangushwa na adabu.

Hapa kila mtu anajua kwamba Mbulgaria akikubali hutikisa kichwa huku na huku, na akikataa hukiinamisha. Mserbia ni kinyume chake.

Siku ile Tihomir aliuliza akiwa kwenye ngazi, "Wamezima umeme?" Asparuh alikuwa na simu sikioni, akisikiliza kituo cha umeme. Akajibu kwa kutikisa kichwa huku na huku.

"Nilimaanisha bado," anasema Asparuh. "Niko ugenini, nikatikisa Kiserbia, kwa kumheshimu mwenyeji."

"Nami nikamsoma Kibulgaria, kwa kumheshimu mgeni," anasema Tihomir.

Akanyoosha mkono kuelekea kwenye waya. Asparuh akairukia ngazi, akamvuta suruali. Suruali ikabaki mkononi mwa Mbulgaria, Tihomir akatua kwenye kokoto na kuvunjika mtulinga, mfupa wa bega.

"Aliniokoa," anakiri Tihomir, "ila wanawake wa shamba lile pale hadi leo wakiniona wanauliza kama nimefunga mkanda."

Mkewe, Rosanda, hacheki. Amemtafutia nafasi kwenye kiwanda cha matairi, ambako mshahara ni pungufu kwa theluthi. "Tairi ukiligusa halikuui," anamwambia kila wakinywa kahawa.

"Wamezima?" anauliza Tihomir sasa.

"Wamezima," anajibu Asparuh kwa sauti, shingo kaikaza kama mtu aliyelalia mto vibaya.

Tihomir anapanda.

Simu inalia ndani ya koti aliloliacha chini. Asparuh anaipokea.

"Yuko wapi?" ni Rosanda.

"Yuko juu, shemeji."

"Mmepima hizo nyaya?"

"Tumepima, na tumerudia."

"Haya. Mwambie kiwandani wanangoja jibu; akawaambie mwenyewe kwamba haendi. Mimi sitawatungia kisingizio kwa ajili yake."

Tihomir anapanga kufunga nyaya hadi mpakani, kisha ampeleke Rosanda hadi Sofia, mji mkuu wa Bulgaria, kwa treni ya kwanza ya umeme. Rosanda amekubali kwa sharti moja: njia nzima amtazame yeye, asitazame nyaya.