Mashine Iliyosahau Mwaka

Shule niliiacha mapema, lakini kompyuta ya kwanza mtaani kwetu Kamembe ilikuwa yangu, nimeinunua kwa jasho la matofali. Watu walikuja dukani kwangu kuandikiana na jamaa zao wa mbali. Kisha radi ikaua modemu iliyotuunganisha kwa simu. Tukapata nyingine, lakini kiini cha mashine, ile programu inayoamrisha vyombo vyote, hakikuitambua.

Na haukuwa wakati wa kukosa modemu. Bukavu, ng'ambo yetu, ilikuwa inapigwa, mpaka umefungwa, binti yangu aliyeishi huko amekimbia, tulisikia, kupitia Uvira. Kama alikuwa hai, angeandika kwenye anwani ya duka langu. Nyingine hakuijua.

Mume wake, aliyekuwa kwangu mapigano yalipoanza, ndiye fundi. Alileta marekebisho ya kiini kwenye disketi kutoka Butare, akayapachika juu ya maandishi ya zamani ambayo kiini hujengwa kwayo, akaanza kukijenga upya, kipande kwa kipande. Kazi ikakatika. Akarudia. Ikakatika palepale: vipande vya zamani na vipya vinakataana.

"Masomo yote yale, na chuma kinakushinda," nikamwambia.

"Papa, chuma hakina heshima kwa bokilo," akajibu bila kuinua kichwa. Kwetu mkwe ni bokilo. Sahani niliyomletea asubuhi ilikuwa bado imefunikwa.

Baadaye akaniita. "Angalia tarehe, Papa. Hii faili nimeibadilisha leo. Mashine inasema ni ya kabla ya vita."

Betri ndogo ya saa, ndani, ilikuwa imekufa. Kila nilipozima jenereta kubana mafuta, mashine ilisahau mwaka. Ikayaona maandishi ya leo kuwa ya kale kuliko vipande ilivyojenga zamani, basi ikaviacha vilevile.

"Kwa mashine hii, binti yangu bado yuko nyumbani," nikasema.

Akaweka tarehe kwa mkono, akafuta vipande vyote vya zamani, akaanza mwanzo. "Jenereta isizimwe, Papa."

Nikakaa kando yake na bidoni ya mafuta, nikimimina bila kuhesabu, mimi ambaye hata taa ya uani nilikuwa naizima. Kiini kikamalizika. Modemu ikapiga kelele zake kwenye waya wa simu, na barua ikaingia.

"Papa, niko Bujumbura, mzima. Bwana yangu anakula?"

Nikakalia bidoni. Kisha nikanyoosha mkono kuzima jenereta.

"Papa, bado sijajibu."

"Mwandikie ukweli basi," nikasema. "Hujala."

Nikaiacha ingurume.