Nilimtaja Kevo Nikijua Ako Mazishini

Polisi walikuwa wamenichapa nyayo hadi sisikii miguu, na swali ni moja tu: mwenzako ni nani? Admin, ficha jina yangu tafadhali. Niko na miaka ishirini na mbili, naosha magari Westlands, shule niliachia darasa la tano, so mnisamehe nikiandika vibaya. Ofisi moja pale iliibiwa kompyuta, watu wakasema mimi ndio huzunguka hapo. Sikuiba. Niliwaambia hivyo mpaka sauti ikaisha. Karao mmoja mnene, hata hakuwa na hasira, akaniambia, "Kijana, nipe jina moja tu nikupe maji."

Nikasema Kevo. Hapa nitamwita hivyo. Ni beshte yangu, tunakaa ploti moja mtaa wa Satellite. Nilimtaja juu ya vile alikuwa ameenda ushago, kijijini kwao, kuzika guka, babu yake, nikaona huko hawatampata, na mazishi yote itasema alikuwa na wao. Nilijiona mjanja. Wakaandika karatasi, nikaweka kidole, sikusomewa.

Kumbe alisikia nimeshikwa akarudi mbio. Asubuhi akaingia stesheni na mkate na thermos ya chai, akasema ananitafuta. Wakamuuliza jina. Akawaambia, na heshima tu. Wakamwambia akae hapo kidogo.

Nilimsikia kutoka selo. Walimfanyia vile walinifanyia, na yeye hakutaja mtu. Watu wa mazishi walikuja kumtetea, wakaambiwa hao ni familia, lazima waseme hivyo. Mimi nikaachiliwa, ati sasa ni shahidi wao. Yeye ako remandi, mwezi wa pili sasa.

Mama yake ndio alinikanda hizi miguu na maji moto ya chumvi mpaka nikatembea. Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, si ulikuwa huko ndani. Hukusikia nani alitaja Kevo?" Nikamwambia sikusikia. Akasema sawa, akaendelea kukanda.

Wasee wa kazi wananiambia mtu yeyote angesema. Pengine ni ukweli. Lakini Kevo hakusema. Na nikienda kukana ile karatasi, nitarudishwa kwa yule mnene. Naona aibu kuandika hii, lakini namwogopa.

Nimwambie mama ya Kevo ama ninyamaze? Mnishauri, lakini sai lazima nitoke. Mama ananingoja hapa nje ya cyber, Ngara, na mfuko ya sabuni na nguo safi. Leo huko remandi wanaruhusu watu kuonwa, na Kevo ametuma neno safari hii nikuje. Sijui kama ameshasomewa ile karatasi yangu.