Kila Mara Nilimwambia Imeingia

Nimekosa, ndugu msomaji. Nilimkosea mtu aliyenipenda, na nilimkosea huku nikitabasamu. Usitafute jina langu, halitakusaidia. Nisikilize tu, maana nikizidi kunyamaza hiki kitu kitanipasua kifua!

Mimi ni kijana wa Migori. Shule niliishia darasa la nane, nikapata kibarua cha kubeba saruji na mabati katika duka la Mzee Abdi, mfanyabiashara aliyekuja mjini kwetu kutoka pwani. Nyuma ya duka kuna ukumbi, na ndani ya ukumbi kuna meza ya snuka. Meza kubwa ya kweli, si hizi meza ndogo za pool zinazojazana kwenye baa siku hizi. Mara ya kwanza kuona ile mipira ya rangi juu ya kitambaa cha kijani, nilisahau kwamba nina mfuko wa saruji mgongoni.

Aliyeitunza meza hiyo ni mzee tuliyemwita Japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo. Ujana wake aliumaliza katika klabu za matajiri huko Kisumu, akiwaokotea mipira na kuwahesabia alama. Wakienda kula, yeye anacheza. Hivyo ndivyo alivyojifunza.

Aliponiona nimekodoa macho aliniuliza, "Wewe, unataka kucheza au unataka kutazama?"

Nikamwambia nataka kucheza mpaka nifike Nairobi, nionekane kwa televisheni. Alicheka mpaka akakohoa. "Haya, bwana televisheni. Anza na mpira mmoja."

Mpira mmoja kweli! Kwa miezi alinipa ule mweupe peke yake. Niupige unyooke hadi mwisho wa meza, ugonge ukingo, urudi uguse ncha ya fimbo yangu bila mimi kusogea. Ukirudi kando, mkono wangu ndio mbaya. Jamani, nilichoka! Wenzangu wakipita mlangoni waliniuliza kama nimeuoa huo mpira, na harusi ni lini.

"Kiwiko!" Japuonj ananifokea. "Kiwiko kinacheza dansi. Kifunge!"

Siku mpira uliporudi ukagusa ncha ya fimbo, tk, yule mzee alitoka mbio akaninunulia mandazi. Mzee mzima! Tangu siku hiyo ningemfuata hata kisimani.

Sasa ngoja nikueleze makosa yalivyoingia.

Kitambaa cha ile meza kilipigwa pasi kila Jumamosi asubuhi ili mipira iteleze sawa. Pasi ya makaa. Japuonj hakumwachia mtu kazi hiyo. Asubuhi moja kaa lilidondoka kando ya mkono wake, naye akalipita kama halipo. Hakuliona! Mimi ndiye niliyeona moshi. Nilipolipangusa, kitambaa kilikuwa kimeshapata doa jeusi kama shilingi.

Mzee Abdi alikuja akiunguruma. "Nani ameunguza meza yangu?"

Nikasema ni mimi.

"Wallahi, ungekuwa mwanangu ningekupiga pasi wewe!"

Alipoondoka, Japuonj alinishika bega. "Asante, nyathina," akasema. Nyathina, mtoto wangu. Mimi baba sikumjua. Unadhani neno hilo lilinifanya nini?

Wiki hiyo hiyo alikuwa akinionyesha namna ya kuingiza mpira mwekundu kwenye mfuko wa kona. Akapiga. Mpira ukaenda vizuri, ukasimama mdomoni mwa mfuko, ukakataa kuanguka. Naye, akiwa bado ameinama, akaniuliza, "Imeingia?"

Nilidhani ni mzaha. Kumbe aliona mbele tu, pale fimbo ilipoelekea, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Pembeni kote kulikuwa kumeshafungwa.

Nikausukuma kwa kidole. Ukaanguka kwenye wavu, kop.

"Imeingia, Japuonj."

Uso wake ukang'aa! Na mimi nikaona nimefanya jambo jema. Mjinga mimi!

Kidole kikawa kiganja. Nilizoea kusimama karibu na mfuko nikijifanya naokota mipira, na uliokosea njia niliusindikiza mwenyewe. Kop, kop, kop. Mzee akaanza kupiga mluzi. Akawaambia watu sokoni kwamba mkono wake umerudi ujanani. Na kiwiko changu je? Hakukiona tena. Kilicheza dansi mbele yake naye ananisifu, "Vizuri, vizuri," kwa kuwa hata mipira yangu mwenyewe niliisukuma mfukoni kwa mkono. Mazoezi yalikuwa matamu siku hizo. Sikuwa nafokewa. Na sikuwa najifunza kitu!

Ndipo ukaja mwaliko wa Homa Bay. Mwenye ukumbi wa huko alitaka jozi mbili zipambane, yao na yetu, mzee na kijana wake. Jozi itakayoshinda angeipeleka Nairobi ikacheze katika klabu kubwa. Nairobi! Mimi nilishaanza kuchagua shati.

Siku chache kabla ya safari, Mama Akinyi, mke wa Japuonj, alikuja ukumbini. Kanisani walikuwa wametangaza kwamba madaktari wa macho watafika Migori Jumamosi. Jumamosi ile ile ya Homa Bay. Baada ya hapo hawarudi mpaka mwaka mwingine.

"Huyu mzee wangu anamwaga chai nje ya kikombe," akaniambia. "Juzi amegonga mlango uliokuwa wazi. Nataka aende kwa madaktari."

"Mama Akinyi, wacha maneno," Japuonj akasema. "Mtu asiyeona anaingiza mipira? Muulize kijana. Yeye ndiye macho yangu."

Yule mama akanigeukia. "Haya, mwanangu. Mimi mchezo wenu siujui. Niambie ukweli tu. Anaona?"

Ndugu msomaji, hapa ndipo penyewe. Ningesema haoni, angeenda kwa madaktari, na Homa Bay ingekufa. Nilimtazama yule mama machoni, nikasema, "Anaona, Mama. Jana hakukosa hata mmoja."

Akashusha pumzi. "Basi nendeni," akasema. Akatufungia na chapati za njiani.

Ukumbi wa Homa Bay ulijaa mpaka madirishani. Nilikwenda kusimama karibu na mfuko kama kawaida yangu. Mwamuzi akanionyesha kiti. "Kijana, huku mchezaji anakaa mpaka zamu yake ifike."

Nikakaa.

Japuonj alipaka fimbo yake chaki taratibu, kwa madaha, akainama, akapiga. Mpira ukapita mbali na mfuko, umbali wa kiganja kizima, ukagonga ukingo ukarudi katikati ya meza.

"Imeingia?" akauliza.

Watu wakacheka. Walidhani ni mcheshi.

"Nauliza, nyathina. Imeingia?"

Nikainamisha kichwa. Mtu mmoja dirishani akapaza sauti, "Omera, jamani, mwambieni mzee mfuko haujahama!" Ukumbi ukaangua kicheko.

Japuonj hakucheka. Aliweka mkono juu ya ukingo wa meza, akaufuata polepole, hatua kwa hatua, mpaka kona. Akatumbukiza mkono kwenye wavu. Akapapasa. Hakukuwa na kitu.

Alisimama pale na mkono ndani ya mfuko, na kicheko kikafa chenyewe. Kisha akanyoosha fimbo upande aliodhani nimekaa. "Malizia wewe."

Nimalizie nini? Kiwiko kilicheza dansi kuliko siku zote. Mpira mweupe wenyewe, usiotakiwa kuanguka, niliutumbukiza mfukoni, tena na tena, mbele ya Homa Bay nzima. Tulipigwa mpaka waliotushinda wakaona aibu.

Njiani kurudi, tulipopita Rongo, akaniambia, "Kwa hivyo zile za ukumbini kwetu hazikuingia."

"Nyingine ziliingia, Japuonj."

"Zipi?"

Nilikuwa nimesukuma nyingi mno, sikujua tena zipi zilikuwa zake.

Hakurudi tena ukumbini. Mama Akinyi alimbembeleza aende hata Kisumu akapimwe, akakataa. Alisema ameshachekwa vya kutosha. Alikaa nyumbani mwaka mzima. Madaktari waliporudi tukamshika mkono mimi na Mama tukampeleka. Walisema ni presha ya macho. Jicho moja limezimika, la pili limebaki na kivuli cha watu mlangoni. Daktari alisema kilichopotea hakirudi, lakini angefika safari ile ya kwanza, kile alichokuwa nacho wangekilinda kwa dawa ya matone. Dawa ya matone, jamani! Kachupa kadogo kama ka wanja!

Mama Akinyi alinitazama mara moja tu, akageuka. Hajaniuliza chochote mpaka leo. Angenitukana ningelala.

Watu wote wanasema nilimdanganya kwa huruma. Japuonj mwenyewe ndivyo anavyowaambia: "Kijana ana moyo laini, alinionea huruma." Nami nimekubali nisifiwe hivyo. Huo ndio uongo wangu wa mwisho na ndio unaoniua. Kidole cha kwanza kilikuwa cha huruma, naapa. Lakini siku Mama Akinyi aliponiuliza, sikumhurumia mtu. Nilitaka Nairobi! Niliuza macho ya yule mzee kwa ajili ya televisheni, na hata Nairobi sijaiona.

Siku hizi jioni nikimaliza saruji naingia ukumbini peke yangu. Mpira mweupe tu. Naupiga, unarudi kando. Napiga tena, kando. Hakuna wa kuniambia kiwiko kimefanya nini. Mara nyingine natupa fimbo chini, nakaa kando ya lile doa jeusi, nalia.

Wewe unayejifunza kitu, uwe wa kushona, wa udereva au wa mpira, mwache mwalimu wako akufokee. Akikosea, mwambie amekosea. Na mtu akikuuliza hali ya mwenzako kwa sababu ya afya yake, usimpe jibu linalokufaa wewe. Utamu wa jibu hilo ni wa siku moja, na atakayelipa si wewe.

Najua Jumapili Mama Akinyi humsomea Japuonj gazeti hili, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mwenyewe sikupata ujasiri wa kwenda kumwambia ana kwa ana, ndiyo sababu nimeandika hapa. Hata kabla hajafika kwenye pasi ya makaa atakuwa ameshanitambua. Mama, tafadhali usiruke mstari. Msomee yote, hata pale pa Nairobi.

Japuonj, haikuingia.