Siku Niliyopiga Ing'oma na Fulana ya Kampeni Mwilini

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake kwanza, mwanangu Tusajigwe: moshi wa majani makavu ya mgomba. Babu yangu, Babu Asajile, alikuwa amewasha moto mdogo nyuma ya nyumba yetu hapa Ikolo, anazigeuza ngoma zake juu ya joto ili ngozi zikaze. Alizigeuza polepole, kama mtu anayemwotesha moto mtoto aliyetoka kuoga.

Haya utayasoma ukishakua. Usicheke kwamba baba yako, mwendesha bodaboda aliyeishia darasa la saba, na ndevu zenyewe bado za kutafuta, anatoa nasaha kama mzee. Nasaha yenyewe si yangu. Niliachiwa, nami nakuachia.

Mchana huo kampeni ya maji salama ilikuwa inakuja uwanja wa mpira. Gari lilipita tangu asubuhi likitangaza: kutakuwa na msanii kutoka Mbeya, kutakuwa na fulana na kofia za bure, vijana wote mnakaribishwa. Na ili wazee nao wasikose cha kwao, waliita vikundi viwili vya ing'oma vije kuchangamsha watu: chetu cha Ikolo na cha Makwale.

Hapo lazima nikueleze jambo. Ing'oma ya kwetu ni mashindano. Vikundi viwili vinasimama vikitazamana, vinapiga kwa wakati mmoja, na kinachonyamaza kwanza kimeshindwa. Kikishindwa, ngoma zake zinapandishwa darini hadi mavuno mengine ya mpunga. Na anayeweka vijiti chini katikati ya ngoma haviokoti tena. Labda uje mkono mwingine uviokote.

Babu alikuwa kiongozi wa kikundi chetu, na kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. Mwaka ule alikohoa tangu mvua za kwanza. Hakuna aliyesema kwa sauti, ila nyumbani wote tulijua kwamba kumwambia mzee yule asubiri mavuno mengine ni kumwambia neno gumu.

"Ipyana," akaniita, "nibebee hii ndogo hadi uwanjani."

"Babu, nitaonekana mshamba. Wenzangu wote watakuwepo."

Hakukasirika. Aliitazama ngoma, akanitazama mimi, akasema, "Basi nenda ukaonekane, mjukuu wangu. Kuonekana nako ni kazi, tena haina kupumzika."

Ngoma akaibeba mwenyewe, mwanangu. Nikamwona anavyoinama kwa uzito wake.

Uwanjani nilipata fulana. Nyeupe, imeandikwa mgongoni CHEMSHA MAJI, KUWA MJANJA. Niliivaa papo hapo, nikasimama na rafiki zangu Lusajo na Gwakisa karibu na spika, pale pa vijana waliojiona wa mjini. Afisa wa kampeni alikuwa mtu mzima mwenye kitambi kizuri cha heshima, lakini kofia aliigeuza nyuma na miwani ya jua akaivaa.

"Niaje wanangu! Mpoooo?"

"Tupo, baba mkwe!" Lusajo akajibu, uwanja mzima ukacheka. Maskini yule baba. Alikuwa na jambo zuri la kutuambia, ila alidhani hatutamsikia mpaka afanane na sisi.

Akaita vikundi vya ngoma. Ikolo huku, Makwale kule. Wakaanza. Vumbi likapanda, filimbi zikalia, wazee wenye soksi ndefu nyeupe wakawa wepesi kama watoto. Sisi vijana tulikuwa tunacheka pembeni. Lakini mguu wangu, nakuambia kweli, ulikuwa unapiga chini wenyewe.

Haikupita muda, afisa akashika kipaza sauti. "Asanteni wazee wetu! Inatosha! Sasa tumkaribishe msanii!"

Kosa lile hakulijua. Kwake ilikuwa burudani ya kusubiria mgeni. Makwale wakaendelea kupiga. Babu akaendelea kupiga. Ila Mzee Andwele, aliyekuwa kwenye ngoma yetu ndogo, alikuwa balozi wa nyumba kumi miaka mingi, na mtu wa serikali akisema kaa, yeye anakaa. Akaweka vijiti chini.

Alipotambua alichofanya, alishika kichwa kwa mikono miwili.

Bila ngoma ndogo, kubwa inakuwa kama mtu anayeongea peke yake. Makwale wakasikia pengo, wakasogea, wakapiga kwa nguvu zaidi. Jasho lilimtiririka Babu, na kikohozi nikakiona mabegani mwake kabla hakijatoka.

"Oya, babu yako amegoma kuzima!" Lusajo akasema. "Leteni rimoti!"

Wakacheka. Mimi nilijaribu kucheka, kicheko hakikuja. Babu alikuwa ananitazama. Hakuniita. Hata kidole hakuinua. Angeniita, labda ningepata sababu ya kukataa.

Ngoma ile ndogo naijua. Nilijifunza kuipiga nikiwa mdogo shambani, wakati wa kuamia ndege kwenye mpunga. Babu alinipa debe bovu na vijiti, akasema ndege wanakimbia kelele, lakini ukiwapigia vizuri na wewe mwenyewe hutachoka. Nilipiga msimu baada ya msimu, na hakuna rafiki yangu aliyewahi kuambiwa.

Nikatoka pale kwenye spika.

"Wewe, Ipyana, unakwenda wapi?" Lusajo akanishika fulana. "Utaaibika!"

"Niachie."

Nikaokota vijiti. Pigo la kwanza nililikosa, la pili pia, nikasikia watu wanaguna. Halafu mikono ikakumbuka debe, ikakumbuka ndege wakiinuka wote kwa pamoja juu ya mpunga, nikaingia. Babu akageuza uso upande mwingine. Nadhani hakutaka nione macho yake.

Lusajo alikuwa ameinua simu anirekodi ili wacheke vizuri baadaye. Nilipomtafuta tena, simu ilikuwa mfukoni na yeye alikuwa katikati ya vumbi na Gwakisa, wanacheza vibaya kabisa, kwa furaha yote.

Afisa alitaka kusema tena. Msanii wa Mbeya ndiye aliyemshika mkono. "Bosi, hii usiiguse."

Basi yule afisa akavua miwani, akamsogelea Babu. "Mzee wangu, nisamehe. Ngoma hii huisha saa ngapi?"

"Huisha ikiisha," Babu akajibu bila kusimama.

Iliisha kiongozi wa Makwale alipoinua vijiti vyake juu na kumtazama Babu, na Babu naye akainua vyake. Wakashusha pamoja. "Ndaga fijo," akasema yule wa Makwale, yaani asante sana kwa lugha yetu, na wazee wawili wakashikana mikono. Hakuna ngoma iliyopanda darini mwaka ule.

Uwanja ulikuwa kimya, watu wanahema. Katika kimya kile afisa akaongea bila kipaza sauti, kofia mkononi. Alisema dada yake alikufa kwa kuhara akiwa msichana, na kwao walikuwa wanakunywa maji ya mto kama yalivyo, kama sisi. Ndiyo maana anazunguka. Hakuna aliyecheka. Bibi yako alianza kuchemsha maji jioni hiyohiyo, na hajaacha.

Babu aliyaona mavuno mengine, na mengine baada ya hayo, kabla hajapumzika. Siku hizi Lusajo ndiye anayefundisha watoto ing'oma Jumamosi, na anajisifu kama aliizua yeye. Mimi nina ndoto ya kupata gari la kuzungushia ngoma zetu ufukweni mwote mwa ziwa hadi Karonga, ng'ambo ya mpaka. Mama yako anacheka. Nami nacheka naye, lakini ndoto siiachi.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kinachopendeza watu hubadilika, na si vibaya kukipenda kipya. Fulana ile niliipenda, mpaka leo naifutia ngoma vumbi. Lakini kitu unachokipenda ukiwa peke yako shambani, usikikane mbele ya wenzako. Ukienda kwao na neno jema, nenda na sura yako. Na ukimwona mtu anapiga peke yake huku wengine wanacheka, usingoje akuite.

Tulikuita Tusajigwe, yaani tumebarikiwa. Mungu aiongoze mikono yako, akupe marafiki wa kukucheka kisha wakacheza na wewe, na siku utakapookota vijiti, ukilikosa pigo la kwanza, akupe moyo wa kupiga la pili.