Tabasamu la Bwawani

Irmtraud Pohlke alikuwa fundi wa kukata na kuunga filamu pale Berlin. Mwaka 1936, kwenye filamu ya ile michezo mikubwa ya dunia, ndiye aliyeunga picha za warukaji wa bwawani, wengine akawarudisha kinyumenyume ili wapae badala ya kuanguka. Kisha, katikati yao, akachomeka uso wa Kiongozi, mtawala wa Wajerumani wakati ule, akitabasamu. Siku ya mashindano hayo Kiongozi hakukanyaga bwawani. Tabasamu lilitoka kwenye mkanda wa siku nyingine.

Vita vilipokwisha, kwenye fomu ya washindi iliyouliza ulifanya nini chini ya Kiongozi, aliandika: “Nilikata filamu tu.” Fomu ikapokelewa.

Miaka arobaini baada ya michezo ile, mjukuu wake Silke alimpeleka kwenye klabu ya sinema ilikoonyeshwa filamu ile. Warukaji walipopaa, ukumbi mzima ulibana pumzi. Uso ule ulipotokea, watu wakaguna.

“Bibi, kumbe na huyu mshenzi alikuwepo?” Silke alinong'ona.

“Hakuwepo. Nilimweka mimi.”

“Walikulazimisha?”

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna aliyebaki hai wa kumsuta. “Hapana. Niliona panapendeza.”

Silke akauachia mkono wake taratibu. Irmtraud akainama, uso ukimwaka. Lakini macho yalimponyoka, yakarudi kwenye picha kutazama pale alipounga. Hapakuonekana hata alama. Akajikuta anatabasamu, na Silke alikuwa anamwangalia.